Kutoka Bilioni 2 hadi 8: Hesabu ya Watu Inavyosomeka Mara

Jumanne, Oktoba 12, 1999, Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa dunia imefikisha watu bilioni 6, na mtoto mchanga wa Sarajevo akateuliwa kuwa ishara ya idadi hiyo. Siku mbili baadaye, hospitalini jijini London, Mwalimu Julius Nyerere akafariki dunia. Alipozaliwa Butiama mwaka 1922, watu duniani walikuwa hawajatimia bilioni 2. Maisha ya mtu mmoja, miaka 77, yaliishuhudia idadi hiyo ikizidi mara tatu.

Kisa cha ongezeko hilo kinasomeka vizuri kwao Mwalimu, mkoani Mara. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22 na watoto 26. Familia kubwa haikuwa jambo geni Mara. Jambo geni lilikuwa watoto wengi kukua hadi utu uzima.

Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe kote Afrika Mashariki, na nyuma yake zikaja njaa na ndui. Karne ya 20 ilipoanza, malale yalizikumba pwani za Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake yaliua watu zaidi ya 200,000, na Waingereza wakawahamisha wakazi wa visiwa vya Ssese. Wakati huo kisiwa kilikuwa mahali pa kukimbiwa.

Leo watu wanavuka maji kuvifuata visiwa. Rukuba, kisiwa cha kata ya Etaro katika Musoma Vijijini, kina ardhi ileile iliyokuwapo tangu enzi za mababu. Riziki yake kubwa iko majini. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma, samaki wakasafirishwa hadi Ulaya, na mialo ya ziwa ikavuta vijana kutoka mbali. Dagaa nao wakaendelea kuvuliwa usiku kwa taa. Samaki walipoanza kupungua, waliohamia hawakupungua nao.

Sensa zinaonyesha mwendo wenyewe. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3, na Mkoa wa Mara takribani 544,000. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, taifa lilihesabiwa watu milioni 61.7, na Mara watu 2,372,015. Miaka kumi kabla, Mara ilikuwa na 1,743,830. Maana yake ni kwamba katika muongo mmoja tu mkoa uliongeza watu wengi kuliko wote waliokuwamo mwaka 1967.

Je, wanawake wanazaa zaidi ya zamani? La. Utafiti wa afya wa 1991/92 ulikuta wastani wa watoto 6.2 kwa kila mwanamke nchini. Ule wa 2022 ukakuta 4.8. Kilichoporomoka kwa kasi zaidi ni vifo. Mwaka 2004/05, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia 2022 walikuwa 43. Chanjo, ambazo mpango wake wa taifa ulianza 1975, vyandarua na zahanati zimefanya kazi ambayo wazee wa 1922 wangeiita muujiza.

Mwalimu aliliona suala hili mapema. Akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, hakuona ubaya wa watu kuongezeka katika nchi pana, ila alikumbusha kuwa wanaoongezeka kila mwaka huanza wakiwa watoto wa kubebwa, si wafanyakazi, na kwamba kulea na kusomesha ni wajibu mzito kuliko kuzaa. Chama cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilikuwa kimeanzishwa miaka kumi kabla. Sera ya taifa ya idadi ya watu ikangoja hadi 1992.

Kwingineko mambo yamegeuka. China ilianza kupungua watu mwaka 2022, mwaka uleule dunia ilipotimiza bilioni 8. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanasema dunia itafikia kilele cha takribani bilioni 10.3 katika miaka ya 2080, kisha ianze kushuka taratibu. Tanzania imo miongoni mwa nchi nane zilizotajwa mwaka 2022 kuwa zitachangia zaidi ya nusu ya ongezeko la dunia hadi 2050, itakapokuwa na watu karibu milioni 130. Hata uzazi ukiendelea kushuka, zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania hawajafika miaka 15, na zamu yao ya kuwa wazazi bado inakuja.

Sensa ikifanyika tena 2032, karani atakayevuka kwenda Rukuba atamkuta aliyekuwa kichanga mwaka 2022 akiwa na miaka kumi. Mwaka 2050 atakuwa na 28, umri wa kutafuta kazi, kiwanja na mtumbwi wake mwenyewe.