Kabla ya majumba ya sinema: Watu walilipa kujisikia na kujiona wenyewe

Miaka ya mwisho ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyefariki Januari 1901, redio ilikuwa bado na sinema ilikuwa haina jumba lake. Burudani ilikuja na mtu. Anafika mjini na mashine yake, anakodi ukumbi au anasimamisha hema, anatoza kiingilio, halafu anahamia mji mwingine.

Ilianza na sauti

Thomas Edison alitengeneza fonografu nchini Marekani mwaka 1877. Mwaka uliofuata, watu walipewa leseni ya kuzunguka nayo, kila mmoja na eneo lake.

Mashine ilizungushwa kwa mkono, na sindano yake ilichora sauti kwenye karatasi nyembamba ya bati. Mwenye mashine aliongea na kuimba, mashine ikarudia. Kisha aliwaita wenyeji nao wajaribu. Hebu fikiria: mtu hajawahi kusikia sauti yake, leo anaisikia mbele ya majirani!

Karatasi ile haikudumu. Baada ya kuchezwa mara chache ilikuwa imekwisha. Mara nyingi ilichanwa vipande, watu wakaenda navyo nyumbani kama kumbukumbu.

Miaka ya 1890 ilikuja mitungi ya nta, iliyodumu zaidi. Wasikilizaji kadhaa walizunguka mashine moja, kila mtu amechomeka mipira myembamba masikioni.

Picha zikafuata

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa familia ya Lumière walionyesha picha zinazotembea mjini Paris kwa watu waliolipa kiingilio. Kila filamu ilikuwa fupi, haifiki dakika moja. Mojawapo ilionyesha wafanyakazi wakitoka kiwandani kwao.

Mwaka mmoja tu baadaye, mwisho wa 1896, Randall Williams, aliyezoea kuonyesha mizimu ya kiini macho kwenye viwanja vya sherehe, alikuwa tayari anaonyesha filamu London. Wenzake wakafuata na mahema yao, vinanda vikubwa na wapiga debe mlangoni.

"Njoo ujione"

Kwenye mji wa viwanda wa Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon walianza kutengeneza filamu pamoja mwaka 1897. Wenye mahema waliwaagiza wapige picha za wenyeji: wafanyakazi wakitoka kazini, watoto wakitoka shule, mashabiki wakiwa mpirani.

Hesabu ilikuwa rahisi. Sura zikiwa nyingi kwenye mkanda, tiketi nazo zinakuwa nyingi. Ndiyo maana kamera iliwekwa getini saa ya kutoka. Kwenye baadhi ya filamu, mwenye onyesho mwenyewe anaonekana akiwasukuma watu wasogee mbele ya kamera.

Moto

Biashara hii ilikuwa na hatari kubwa. Mikanda ya wakati huo ilishika moto upesi mno, na taa za projekta zilikuwa kali. Tarehe 4 Mei 1897, taa ya projekta iliyotumia etha ilizua moto kwenye mnada wa hisani mjini Paris. Zaidi ya watu 120 walikufa.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1909: projekta ikae kwenye chumba kisichopitisha moto, na ukumbi uwe na leseni. Majumba ya kudumu yakaongezeka haraka. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, enzi ya mahema ya filamu ikafikia mwisho.

Kilichobaki

Filamu nyingi za wakati huo zimepotea. Za Mitchell na Kenyon zilipona kwa bahati. Mwaka 1994, mafundi waliokuwa kazini kwenye duka la zamani Blackburn walikuta mapipa ya chuma chini ya jengo. Ndani kulikuwa na mikanda karibu 800. Leo inatunzwa na taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI.

Ukiitazama utaona watoto wakikimbilia kamera na kupunga mikono, wakitaka waonekane jioni hemani. Wengi wao walikuwa vijana wa kwenda vitani ilipofika 1914.