Kabla Umchague Ajenti wa Ploti, Jua Taito Ilitoka Wapi

Ukipitia simu yako sai, kabla ufike video ya tatu utakutana na kijana wa suti amesimama kwa nyasi kavu. Anasema ploti zimebaki mbili tu. Ni 50 kwa 100, taito iko tayari, stima iko hapo karibu, lami inakuja. Hiyo lami imekuwa ikija tangu tuzaliwe.

Wasee wa umri wetu wameanza kununua. Kuna aliyemaliza chuo miaka mitano iliyopita na ana akiba kwa sacco. Kuna wale wanaochanga na ndugu zao ili mama atoke kwa nyumba ya kukodi. Swali linakuja lile lile: nitajuaje ajenti wa kuamini? Majibu ya mtandaoni huwa ni yale ya haraka, ati angalia kama ana ofisi, angalia ana wafuasi wangapi. Mimi naona hilo swali lina miaka zaidi ya mia moja hapa Kenya, na huwezi kulijibu vizuri kama hujui mahali lilianzia.

Shahidi alikuwa jirani

Kabla ya mkoloni, Wagikuyu walikuwa na ardhi ya mbari iliyoitwa githaka, na msimamizi wake aliitwa muramati. Kipande kikiuzwa, wazee walikuja, mpaka ukatembelewa kwa miguu, na mimea ikapandwa pale pa kugawanya, hasa yale maua ya itoka. Jomo Kenyatta alieleza mambo haya kwa kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Hakukuwa na haja ya ajenti kwa sababu kila aliyesimama pale alikuwa shahidi. Ungemdanganya nani, na kesho mnateka maji mto mmoja?

Pwani kulikuwa na dalali, neno tulilopata kutoka Kiarabu. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, na mtaji wake ulikuwa kujulikana mtaani. Mombasa hiyo kazi ilikuwa na ugumu wake, kwa sababu mitaa kama Majengo ina nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, lakini udongo chini yake ni wa mtu mwingine na unamlipa kodi ya kiwanja. Dalali anayekuuzia nyumba kama hiyo bila kukuambia ya udongo amekuuzia nusu ya habari.

Karatasi ikaingia

Kisha serikali ya kikoloni ikaleta karatasi. Mwaka 1908 ilitunga sheria ya hatimiliki ya Pwani. Kila mwenye ardhi alitakiwa kwenda kudai na kuthibitisha, na ile isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Wengi waliokuwa wakilima pale vizazi na vizazi hawakupata karatasi yoyote. Uskwota wa Pwani tunaousikia kila mwaka wa uchaguzi una mizizi hapo.

Bara mambo yalikuwa makali zaidi. Sheria ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 na ikampa gavana uwezo wa kuzuia mauzo ya ardhi kati ya watu wa rangi tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Waafrika ni wapangaji tu wa Serikali ya Kiingereza, wanaokaa kwa hisani yake. Nairobi nayo ikagawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye miti na baridi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki. Kwa hivyo babu zetu wengi hawakujifunza kununua nyumba mjini kwa sababu rahisi, hawakuruhusiwa.

Karibu na 1920 ukaja pia mfumo wa usajili unaoitwa Torrens, uliozaliwa Australia. Wazo lake ni tamu sana: kilichoandikwa kwa rejista ndio ukweli, na mnunuzi hana haja ya kuchimba nyuma ya taito. Shika hilo wazo, tutalirudia. Mwaka 1954 Mpango wa Swynnerton ukaanza kusambaza taito kwa mashamba ya Waafrika, na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikaendeleza kazi hiyo. Ndani ya kizazi kimoja, shahidi akatoka kuwa jirani akawa karani wa ofisi.

Na hapo ndipo broka alipata kazi. Wewe ulikuwa unajua jirani, yeye alikuwa anajua karani.

"Huyu ni mtu wetu"

Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalianza kuuzwa. Mtu mmoja hangeweza kununua eka elfu moja, kwa hivyo watu walichanga wakaunda kampuni na vyama vya kununua ardhi. Mama wa kuuza mboga alitoa kidogo, mwalimu akatoa kidogo, kila mmoja akapewa cheti cha hisa. Wakurugenzi walikuwa watu wa kwao, wanaongea lugha yao, mara nyingi wanasiasa.

Zingine zilifanya kazi vizuri, na kuna familia zinakula matunda yake mpaka leo. Lakini zingine ziliuza hisa nyingi kuliko ploti zilizokuwepo, au zikakaa na taito moja kubwa ya shamba lote huku wanachama wakizeeka na karatasi ya hisa. Hadi leo kuna wajukuu wanaenda kortini na hizo karatasi.

Nalisema hili bila kupunguza: kumchagua ajenti kwa sababu ni wa kabila lako, kanisa lako au shule yako ya upili ni njia ambayo tayari ilijaribiwa na taifa zima, na matokeo tunayo. Jirani wa zamani aliaminika kwa sababu hangeweza kuhama. Kusema lugha moja na wewe hakukumfunga popote. Mtu wetu wa leo anaweza kubadilisha laini ya simu Jumatatu asubuhi.

Serikali iliona shida. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, ikaunda bodi ya kuwasajili, na ikawa ni kosa kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Sheria hiyo imetuzidi umri wengi wetu. Lakini tembea mtaa wowote uhesabu namba za simu zilizochorwa kwa kuta na nguzo za stima, halafu linganisha na orodha ya bodi. Orodha ni fupi sana mbele ya hayo mabango.

Taito yenyewe ikaugua

Mpaka hapo ungesema, sawa, broka ni shida, lakini nikiwa na taito niko salama. Mwaka 2004 Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa na Rais Kibaki mwaka uliotangulia, ilitoa ripoti yake kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kiharamu. Ilikadiria kwamba hati kama 200,000 haramu zilitolewa kati ya 1962 na 2002. Misitu, viwanja vya shule, barabara, vyoo vya umma, vyote vilipewa watu na taito juu.

Kisha Novemba 2011, Syokimau. Tingatinga ziliangusha nyumba za watu kwa ardhi iliyosemekana ni ya uwanja wa ndege wa JKIA. Hawakuwa wamejenga vibanda usiku. Walikuwa wafanyakazi wenye mikopo na watoto, na wengi walikuwa na karatasi mkononi. Nyumba ilienda, mkopo ukabaki.

Pigo la mwisho kwa wazo la Torrens lilikuja Aprili 2023. Kampuni ya Dina Management ilikuwa imenunua ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa, kutoka kwa mmiliki aliyetangulia. Mgao wa kwanza ulikuwa umeenda kwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, na ardhi yenyewe ilikuwa imetengwa kama nafasi ya umma. Mahakama ya Juu ilisema kwamba kama mzizi wa taito ni mbovu, taito haikukingi, hata kama wewe ulinunua kwa nia njema. Katiba ya 2010, kifungu cha 40(6), ilikuwa tayari imesema kwamba mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi.

Kwa hivyo ahadi ya kwamba huna haja ya kuangalia nyuma ya taito imekwisha. Sai ni lazima uangalie. Ajenti anayekupungia taito kama tiketi ya mechi anakuuzia Kenya ya 1920.

Sasa unamchagua vipi?

Swali la kwanza ni jina lake. Usiulize jina la kampuni pekee, uliza la yeye mwenyewe, ulitafute kwa orodha ya bodi ya mawakala. Akikasirika umeuliza, umeshapata jibu.

La pili: anafanyia nani kazi? Kwa kawaida anayemlipa ni muuzaji, na hakuna ubaya wowote, lakini maana yake ni kwamba wewe mnunuzi unahitaji mtu wako. Huyo ni wakili wako, uliyemtafuta mwenyewe, wala si yule "wakili wetu wa ofisini". Amana, ambayo mara nyingi huwa asilimia 10 ya bei, ipitie kwa mawakili baada ya mkataba kuandikwa. Isiingie kwa simu ya ajenti ati "kushikilia ploti".

La tatu ni historia. Mwambie akueleze huyu muuzaji alipata wapi, na yule wa kabla yake alipata wapi, mpaka mgao wa kwanza. Sachi rasmi inakuonyesha mmiliki wa leo. Kadi ya kijani, yaani rejista ya ardhi yenyewe, inakuonyesha safari. Leta sapveya akupimie kwa ramani, uone kama ploti unayoonyeshwa ndio ile iliyoandikwa. Kama ni shamba la kilimo, uliza idhini ya Bodi ya Ardhi, kwa sababu bila hiyo mauzo hayana nguvu. Ajenti mzuri huwa na majibu haya kabla hujauliza.

Wauzaji nanyi msikae pembeni. Mzae akitaka kuuza, mara nyingi anawapa mabroka kumi kwa mdomo. Yeye anataka milioni mbili, mitandaoni ploti inaonekana kwa milioni mbili na nusu, na milioni mbili na laki saba, na picha za ploti ya mtu mwingine. Mnunuzi anashuku, ploti inakaa miaka miwili. Na kama kuna mmoja kati ya hao kumi anayetengeneza taito feki kwa kutumia kopi aliyopewa, utamshtaki nani? Chagua mmoja au wawili, andika kazi yao, bei na malipo yao, na usisambaze kopi ya taito kama kadi ya harusi.

La mwisho ndilo naliamini kuliko yote. Rudi kwa ploti siku nyingine bila ajenti. Ongea na mwenye kioski, mama wa kuchota maji, mzee anayechunga mbuzi. Uliza ardhi hii ni ya nani na watu wanasema nini. Serikali ilianzisha Ardhisasa mwaka 2021 ili rekodi ziwe mtandaoni, na hiyo ni hatua nzuri, itumie. Lakini Ardhisasa haitakuambia kwamba kuna kesi inanong'onwa kijijini, au kwamba hapo ndipo watoto wamekuwa wakicheza mpira tangu shule ijengwe. Jirani anajua. Ndiye atakayekuwa jirani yako ukihamia, na ajenti anayeharakisha usimwone ana sababu yake.

Kama kuna rafiki yako yuko karibu kutuma amana wiki hii, mtumie hii kwanza. Ploti mbili zilizobaki hazitaisha. Zimebaki mbili tangu mwaka jana.