M-Pesa Haikuanza na Apu

Kuna ugonjwa flani umeingia kwa vijana wa biashara hapa Kenya. Mtu akipata mtaji kidogo tu, kitu cha kwanza anasema ni, "Tutengeneze apu." Kinyozi anataka apu. Mama wa saluni anataka apu. Msee anauza mitumba Gikomba, wateja wake wote anawajua kwa majina, na bado anatafuta mtu wa kumtengenezea apu. Ukimuuliza hiyo apu itatatua shida gani, anakuangalia ni kama umemtusi.

Mimi si adui wa teknolojia, na sijakuja hapa kuiponda. Shida yangu ni vile tumesimuliwa historia ya mfumo uliofaulu kuliko yote hapa kwetu, yaani M-Pesa. Tumeambiwa ni wazo moja la kijanja lililolipuka usiku mmoja. Si hivyo. Kabla M-Pesa ifunguliwe kwa kila mtu, kulikuwa na muda mrefu wa maswali yale ya kuboesha: mteja ana simu ya aina gani? Duka lina pesa taslimu? Hesabu za ofisi zitalingana na hesabu za simu? Hayo maswali ndiyo nataka tuyapitie leo, manake ndiyo sisi huyaruka.

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 2000, benki hazikuwa za kila mtu. Uchunguzi wa FinAccess wa 2006 ulikuta ni karibu mtu mzima 1 tu kati ya 5 aliyekuwa na akaunti ya benki. Kutuma pesa ushago ilikuwa shughuli. Unampa dereva wa matatu bahasha na kuomba Mungu ifike, ama unaenda Posta kupanga foleni, ama unangoja binamu anayeenda nyumbani Ijumaa.

Lakini sikiza hii: hiyo haikuwa shida ambayo M-Pesa ililetwa kutatua. Wazo la kwanza lilikuwa mikopo. Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone aliomba pesa kwa mfuko wa serikali ya Uingereza wa kusaidia huduma za kifedha, wakapewa karibu pauni milioni 1, na Vodafone nayo ikaongeza ya kwake. Mpango ulikuwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo kupokea mkopo na kuulipa kwa simu. Mwenzake, Susie Lonie, akaja Kenya mwaka 2005 kuusimamia. Safaricom ikaleta mtandao, Faulu Kenya ikaleta wakopaji, na Oktoba mwaka huo majaribio yakaanza Nairobi na Thika, na wateja mia chache tu.

Swali la kwanza walilokumbana nalo: mteja ameshika nini mkononi? Siku hizo intaneti kwa simu ilikuwa ya wachache. Watu wengi walikuwa na simu za bei ya chini kabisa, babu zake mulika mwizi. Kama wangejenga kitu cha simu za kifahari, wangepata wateja wa kifahari, na hao tayari walikuwa na benki. Kwa hivyo menyu ikawekwa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yakawa yanasafiri kama SMS zilizofungwa kwa siri. Simu yoyote ya GSM, hata ile yenye skrini ndogo kama kucha, ingefanya kazi.

Hiyo njia ilikuwa na gharama yake. Mteja wa zamani ilibidi abadilishiwe laini kwanza ndipo apate menyu. Huo ni usumbufu, na kila usumbufu hufukuza watu. Lakini waliupima, wakaona ni afadhali mteja asumbuke mara moja dukani kuliko kumwambia anunue simu mpya. Hivyo ndivyo kupanga teknolojia kulivyo. Hakuna chaguo lisilo na maumivu, ni wewe uchague maumivu ambayo mteja wako anaweza kubeba.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, na hapa ndipo biashara nyingi huanguka. Ofisi inafanyaje kazi? Faulu ilikuwa inakopesha watu kwa vikundi. Mnakutana kila wiki, mnadhaminiana, mnalipa pamoja. Sasa simu ikaja, na mtu angeweza kulipa saa yoyote, akiwa popote. Kusikia tu, unaona ni maendeleo. Lakini vitabu vya Faulu vilikuwa vinafanywa kwa mkono, na kulinganisha malipo ya simu na hesabu za ofisi kukawa mzigo mkubwa. Tena, kama kila mtu anaweza kulipa peke yake, kwa nini aje mkutanoni? Na kikundi kisipokutana, nani anamdhamini nani? Teknolojia yenyewe ilifanya kazi sawasawa. Ni utaratibu wa biashara uliokuwa umejengwa kwa miguu tofauti.

Halafu kukatokea maajabu. Wateja wakaanza kuitumia vile hawakufundishwa. Wengine walikuwa wanatumiana pesa kulipia mikopo ya wenzao. Wengine walinunua kredo wakaitumia watu wa nyumbani. Wafanyabiashara walikuwa wanaweka mauzo jioni kwa wakala ili wasilale na pesa taslimu. Kuna waliokuwa wanaweka pesa mji mmoja, wanasafiri mifuko mitupu, kisha wanatoa wakifika, ili wasiibiwe njiani.

Hapo ungefanya nini kama wewe ndiye meneja? Wengi wetu tungesema, "Wateja wanatumia vibaya, tuwafundishe upya." Wao walifanya kinyume. Walisoma hayo matumizi, wakaliweka kando wazo la mikopo ambalo ndilo lililoleta pesa za mradi, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa imepunguzwa hadi kubaki mifupa: weka pesa na utoe, tuma pesa, nunua kredo. Basi. Mikopo ilikuja kurudi Novemba 2012 kupitia M-Shwari, wakati watu walikuwa wameshazoea mfumo. Ndani ya mwaka wa kwanza walijiandikisha zaidi ya watu milioni 1.

Sasa nataka mwangalie sehemu ambayo haionekani kwa skrini. Kila shilingi iliyo kwa simu ilibidi iwe na shilingi mwenzake iliyokaa benki, kwa akaunti ya amana. Kila wakala ilibidi awe na floti ya kwa simu na pesa taslimu kwa droo, zote mbili. Mjini watu wanaweka, kwa hivyo floti inaisha. Ushago watu wanatoa, kwa hivyo ni pesa taslimu inaisha. Hakuna programu inayoweza kuchapisha noti ndani ya droo ya wakala. Hiyo ni kazi ya watu, magari, na simu za "Boss, nimekauka, niletee mia mbili hapa." Ukiondoa huo mpangilio, menyu ya M-Pesa inabaki kuwa maandishi tu.

Na kulikuwa na serikali pia. Benki Kuu ilifuatwa na kuelezwa kabla ya uzinduzi, si baada. Ilisaidia, manake mwisho wa 2008 John Michuki, aliyekuwa kaimu Waziri wa Fedha, aliagiza huduma hiyo ichunguzwe, na mapema 2009 matokeo yakaonyesha iko salama. Fikiria kama hesabu za ile akaunti ya amana zingekuwa zimechanganyika siku wakaguzi wamebisha mlango.

Na seva? Kwa miaka mingi zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2007 Kenya haikuwa hata na kebo ya fiba ya baharini. Za kwanza zilifika 2009. Kwa mradi ulioanza na wateja mia chache, kutumia mitambo ya nje iliyokuwepo tayari kulikuwa na maana. Lakini nchi nzima ilipoanza kununua unga kwa huo mfumo, hesabu ilibadilika, na mwaka 2015 mitambo mipya ikawekwa hapa Kenya. Kwa hivyo usiulize tu, "Mfumo huu unatosha leo?" Uliza pia, "Siku nikikua, nitauhamisha aje, na data ni ya nani?"

Kuna mtu ataniambia M-Pesa ilifaulu kwa sababu Safaricom ni kubwa. Sawa, ukubwa ulisaidia. Lakini twende Afrika Kusini. Vodacom, ndugu yake Safaricom kwa familia ya Vodafone, ilizindua M-Pesa huko mwaka 2010 ikishirikiana na Nedbank. Jina ni lile lile, wazo ni lile lile, na pesa zilikuwepo. Walizindua upya 2014. Tarehe 30 Juni 2016 wakafunga. Kufikia hapo wateja waliokuwa wanaitumia walikuwa karibu 76,000, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50.

Nini kilikosekana? Huko, zaidi ya nusu ya watu wazima tayari walikuwa na akaunti ya benki. Mashine za ATM ziko kila mahali, na maduka makubwa ya supamaketi yalikuwa yanatuma pesa. Shida ambayo M-Pesa ilitatua Kenya haikuwa na uzito huo kule. Dawa ilikuwa nzuri, lakini mgonjwa hakuwa na huo ugonjwa.

Nasema haya yote kwa sababu nimeona madhara yake karibu. Kuna duka moja mtaani kwetu, la familia, lina miaka mingi. Mwenyewe aliuziwa mfumo wa mauzo: kompyuta, mashine ya kusoma lebo za bei, malipo ya kila mwezi. Akachukua mkopo. Shida ni kwamba ule mfumo ulijua pakiti nzima pekee. Hilo duka linaishi kwa kadogo: sukari robo, mafuta ya kupima, sigara moja moja. Mfumo haukuwa na mahali pa kuandika hayo. Stima nayo ikipotea, kila kitu kinarudi kwa daftari. Mwisho wa mwezi kompyuta inasema hivi, daftari linasema vile, na droo inasema lake. Msichana wa kaunta ndiye aliyebebeshwa lawama ya pesa "zilizopotea." Akafutwa kazi. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba aliiba hata shilingi. Alikuwa tu amesimama katikati ya vitabu viwili visivyoongea.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia mambo ya kupanga mfumo ni ya mafundi wa kompyuta peke yao. Fundi atakuuliza unataka rangi gani na kurasa ngapi. Hajui kwamba mteja wako wa saa kumi na mbili asubuhi hununua majani chai ya shilingi kumi. Hajui kwamba bando huisha tarehe ishirini. Wewe ndiye unajua, na kama hukusema, mfumo utajengwa kwa duka ambalo halipo. Siku hesabu zikikataa, atakayelipa si fundi, ni yule aliye chini kabisa.

Kwa hivyo kama una biashara, ama mathe wako anayo, na mnafikiria kuingia dijitali, jaribuni hivi kabla ya kumpigia fundi. Chukueni daftari la shilingi hamsini. Kwa wiki mbili, andikeni kila kitu kinachotokea kaunta: nani amenunua, kiasi gani, amelipa na nini, nani amekopeshwa, stima ilipotea saa ngapi, ni nini kiliulizwa na hakikuwepo. Ulizeni wateja wana simu gani. Muulizeni anayekaa kaunta ni kazi gani humla muda mwingi. Kisha mpigie hesabu gharama yote, si ya kununua pekee: malipo ya kila mwezi, bando, fundi wa kurekebisha, siku za kufundisha wafanyakazi, na mahali nakala za data zitakaa kompyuta ikiibiwa.

Mkimaliza, mtu mmoja aandike ukurasa mmoja: siku mfumo ukizima saa nne asubuhi ya Jumamosi, tunauza aje, na jioni hesabu zinarudishwa ndani na nani? Kama hakuna anayeweza kuandika huo ukurasa, msisaini kitu.

Inawezekana baada ya hizo wiki mbili mgundue mnahitaji mfumo mkubwa kweli. Poa, nunueni, na mtamwambia fundi kitu cha maana. Inawezekana pia mgundue mnachohitaji ni nambari ya till na daftari lililopangwa vizuri. Hiyo si aibu. Ni mkopo ambao hamkuuchukua, na ni msichana wa kaunta ambaye bado ana kazi.