Zamu za Kale, Kazi Mpya

Jengo la kale linalokarabatiwa mara nyingi kuliko yote wilayani Same halina paa wala mlango. Linaitwa ndiva: bwawa dogo lenye kingo za mawe na udongo, lililochimbwa mlimani, juu kidogo ya mashamba. Bonde la Makanya peke yake, linaloshuka kutoka Vudee kupitia Bangalala hadi kwenye barabara kuu, lina ndiva makumi. Msafiri wa basi la Arusha hazioni. Anachokiona dirishani ni vichaka, mkonge na vumbi, kisha ukuta wa milima ya Upare ambao kilele chake, Shengena, kina mita 2,462.

Hapo ndipo ilipo sababu ya ndiva. Same mjini mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, ilhali juu milimani hunyesha karibu mara mbili ya hapo na zaidi. Maji yapo, ila kiangazi kikikaza kijito hubaki chembamba mno. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, mfereji wa udongo utayanywa maji yote kabla hayajafika kwenye mstari wa kwanza wa mahindi. Kwa hiyo jioni tundu la ndiva huzibwa, maji yakajikusanya usiku kucha, na asubuhi huachiliwa kwa mkupuo mmoja wenye nguvu ya kufika mbali. Kwenye baadhi ya vijito waliishi kwa mapatano: watu wa juu wamwagilie mchana, wa chini wajaze ndiva zao usiku. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa kwenye zamu.

Ndiva ilikuwa mali ya ukoo ulioichimba. Mwenye zamu alikuwa na wajibu uliofungamana nayo: baragumu likilia kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya eneo zima, alitoka na jembe kwenda kuondoa tope na kuziba nyufa. Asiyekuja alitozwa, au maji yalimpita. Si hiari tupu, wala si shuruti ya serikali. Ni utaratibu wa majirani ambao kila mmoja ana cha kupoteza.

Utaratibu huo ulitikiswa mara kadhaa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu. Miaka ya 1970 ikaja sera ya vijiji, na kamati ya kijiji ikaanza kuamua mambo yaliyokuwa ya mzee wa ukoo. Mifereji mingine ilikosa wenyewe, kingo zikabomoka, tope likajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, liliunga mkono mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili, ukajulikana kwa herufi TIP, na baadaye shirika la wilayani Same liitwalo SAIPRO likaingia katika kazi hiyohiyo. Wataalamu walileta saruji na vipimo. Vijiji vikaleta mawe, mchanga na mikono.

Manoo, ndiva inayowahudumia wakulima wa Bangalala, ndiyo iliyoandikwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipanuliwa na kujengewa kwa saruji, ikapata ujazo wa takriban mita za ujazo 1,600, wakati ndiva nyingi za bonde hilo huhifadhi mita mia chache tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Uholanzi, Sweden na Afrika Kusini walipiga kambi bondeni humo kwa miaka kadhaa wakipima mtiririko wa maji na kuhudhuria mikutano ya zamu. Walichokikuta kingeweza kumfundisha mhandisi yeyote wa majengo makongwe: ukipanua chombo cha kale, umegusa mapatano yote yaliyokizunguka. Tangi kubwa zaidi linahitaji kijito kitoe maji mengi zaidi, na anayeyatoa ni jirani wa juu. Waliozoea kugawana usiku na mchana ilibidi wakae upya. Hata maji yaliyokuwa yakivuja kwenye ukingo wa udongo hayakuwa yamepotea yote, kwa kuwa yalinywesha migomba ya chini yake. Saruji ilipoziba uvujaji, kuna aliyefaidika na kuna aliyeachwa mkavu. Nako mbali zaidi, kijijini Makanya, mto hauleti tena maji ya kiangazi kama ulivyoleta enzi za wazee. Wakulima wa huko hutegemea mafuriko ya msimu, huyakamata na kuyasambaza shambani kabla hayajapita.

Ukarabati huo haukulinda sura ya kale, wala hakuna aliyedai hivyo. Mtu wa makumbusho angekuna kichwa kuona ukingo wa mawe wa mababu umepakwa saruji hadi haujulikani. Mwandishi huyu anaona hoja yake, lakini anaona pia kwamba ndiva inayoshika maji ina nafasi ya kudumu miaka mingine hamsini, na ile iliyoachwa katika uasili wake sasa ni shimo lenye magugu.

Kwa majengo yenye kuta na paa mambo ni magumu zaidi. Ukipanda kutoka Same kupitia Mwembe, barabara ya vumbi yenye kona nyingi inakufikisha Mbaga. Hapo mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, ambao tayari walikuwa na kituo Shighatini, kaskazini mwa Upare. Aliyevuma zaidi Mbaga ni Jakob Dannholz. Alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, akakaa na wazee, akaandika kitabu kuhusu imani yao juu ya mizimu, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1916, wakati vita vikiwa tayari vimefika milimani.

Nyumba yake haikubomolewa. Leo ni sehemu ya nyumba ya wageni iitwayo Tona Lodge. Mwaka 1995 na 1996 SNV hiyohiyo, pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania, ilianzisha mpango wa utalii wa kitamaduni vijijini, na Upare ukawa miongoni mwa maeneo yaliyojiunga mapema: Usangi kwa upande wa kaskazini, Mbaga kwa upande wa kusini. Mgeni hulala katika nyumba ya misheni, hula chakula kilichotoka shamba la jirani, kisha huongozwa na kijana wa hapo. Anapelekwa kwenye mapango ya Mghimbi, walikojificha watu enzi za uvamizi wa kutafuta watumwa. Anapelekwa pia kwenye mwamba wa Malameni, ambao waongoza wageni husimulia kwamba ulihusika na kafara za watoto hadi miaka ya 1930. Sehemu ya malipo huingia katika mfuko wa maendeleo wa kijiji. Pana kichekesho hapa ambacho Dannholz asingekipenda: nyumba aliyoitumia kupigana na mizimu inaishi leo, kwa kiasi fulani, kwa mapato ya mwamba wa mizimu.

Wageni wa Mbaga si wengi. Watalii wanaokwenda Kilimanjaro na Serengeti hupita Same bila kushuka, na Mkomazi, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008 ikiwa na lango lake karibu kabisa na mji, bado haijaleta makundi ya kujaza vitanda vya milimani. Nyumba ya kale inayotegemea wageni hupata rangi mpya mwaka wa neema, na mwaka wa janga hubaki kuhesabu matone yanayopenya darini.

Wapo wanaotaka serikali iwe mlinzi wa nyumba kama hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haiwapi mengi. Ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa majengo na kazi za mikono ya watu za kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa tu waziri akilitangaza. Misheni zote za Upare zimejengwa baada ya mwaka huo. Kwa kipimo hicho baadhi ya mifereji na ndiva zina haki kubwa zaidi ya kuitwa kumbukumbu za kale kuliko nyumba ya misheni, ingawa sijasikia afisa wa mambo ya kale akiingia kwenye tope la ndiva kupima umri wake.

Kwingineko nchini mambo yameendeshwa kwa njia tofauti. Boma la Wajerumani la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, liligeuzwa makumbusho ya historia ya viumbe na liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Mikindani, pwani ya Mtwara, boma la mwaka 1895 lilikuwa gofu hadi shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa hoteli, nia ikiwa kuwapa vijana wa hapo mafunzo na kazi. Mikindani ilikuwa na mfadhili wa nje na bahari mbele yake. Mbaga ina ukungu, viazi na kona za barabara, na nyumba imesimama kwa juhudi za wenyeji. Kuzilinganisha kwa idadi ya vyumba si haki.

Majengo ya Waadventista yamepita njia nyingine kabisa, isiyo na mtalii hata mmoja. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista nchini, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare mwishoni mwa mwaka 1903 na kuweka kituo Giti. Baadaye wakasambaa Suji, Kihurio na kwingineko, na Ernst Kotz akaiweka Chasu katika maandishi na kutafsiri Agano Jipya. Vita vya Kwanza vilipowaondoa Wajerumani, waliobaki na funguo walikuwa walimu wa Kipare. Hilo husahaulika katika historia za misheni: kwa miaka kadhaa majengo hayo hayakuwa na Mzungu, na masomo yaliendelea.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali. Katika milima ambako kila kigango kilikuwa na darasa lake, maana yake ilikuwa kwamba mamia ya watoto walirudi asubuhi kwenye dawati lilelile, chini ya paa lilelile, wakati mmiliki wa paa amebadilika. Jengo halikuhitaji kubuniwa matumizi mapya. Lilichohitaji ni mtu wa kulipia bati, na mara nyingi jibu lilikuwa msaragambo uleule uliosafisha ndiva. Wapare wamejengewa sifa ya kupenda shule hadi ikawa utani wa watani. Chini ya sifa hiyo yamo matofali mengi yaliyobebwa kichwani.

Ila msaragambo una mipaka yake. Kwenye ndiva asiyefanya kazi hukosa maji, na kwenye shule mwanawe hukaa katika darasa linalovuja. Kwenye nyumba ya misheni iliyogeuzwa ya wageni, jirani aliyebaki nyumbani hapotezi kitu anachoweza kukishika. Hapo ndipo wapenzi wa majengo makongwe hukwama, Upareni na kwingineko: huomba watu wabebe mawe kwa ajili ya historia, na historia haina zamu.

Shuka sasa hadi mjini. Same iliinuliwa na reli. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893, wakafika Mombo 1905, Buiko 1909, na mwaka 1911 njia ikafika Moshi ikipita chini ya milima ya Upare. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yalishuka na njia hiyohiyo yakiwafukuza Wajerumani waliong'oa reli nyuma yao. Chini ya Waingereza Same ikawa makao ya Wilaya ya Upare, na watu wa milimani wakapata mahali pa kushukia wanapokuwa na neno na serikali. Neno kubwa lilikuwa mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani, wakakusanyika Same kuipinga. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaingia mapambanoni, na kodi hiyo ikafutwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upare, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971. Same haijapata bado ukumbi au makumbusho yenye jina la mbiru, ingawa mji hauna kisa kikubwa kuliko hicho cha kusimulia.

Reli nayo ilikufa pole pole. Mabasi na malori yalichukua abiria na mizigo, na kwa takriban miaka 25 treni ya abiria haikupita kati ya Dar es Salaam na Moshi, hadi Desemba 2019 iliporudi na Same ikapata tena abiria wa stesheni. Ukarabati huu haukubuni kazi mpya. Ulirudisha ile ya zamani, jambo ambalo katika majengo makongwe hutokea kwa nadra.

Stesheni huita biashara kuizunguka, na ni kawaida kwa wafanyabiashara wa mji wa reli kutamani ghala, kivuli au kiwanja kilicho kando ya njia. Lakini eneo hilo ni hifadhi ya reli, mali ya Shirika la Reli Tanzania lililoundwa upya kwa sheria ya mwaka 2017. Kikundi cha Same kinachotaka kufungua maktaba au soko la vitunguu ndani ya jengo la reli hakiwezi kuanza kwa baragumu na majembe; lazima kianze kwa barua kwenda kwa Shirika, kisha kisubiri mkataba wa pango.