Mashabiki wa Sataranji Moscow, 1925

Mashindano ya kimataifa ya sataranji yaliyofanyika Moscow kuanzia Novemba 10 hadi Desemba 8, 1925, yalikuwa ya kwanza kugharamiwa na serikali. Mwandalizi wake mkuu, Nikolai Krylenko, alikuwa mwendesha mashtaka wa dola ya Kisovieti, naye aliuona mchezo huo kuwa shule ya akili kwa wafanyakazi. Jarida la sataranji la vilabu vya wafanyakazi, lililoitwa 64 kwa hesabu ya miraba ya ubao, lilikuwa limeanza mwaka mmoja tu kabla.

Wachezaji 21 walikutana katika Hoteli ya Metropol. Ukumbi ulifurika, na waliokosa nafasi wakajazana nje kusubiri habari. Walikuwa na cha kusubiri: bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca wa Cuba, alifungwa na Wasovieti wawili, Ilyin-Genevsky na Verlinsky, ambao nje ya nchi yao hawakujulikana sana.

Mchezo uliokumbukwa kuliko yote, hata hivyo, ni wa Carlos Torre, kijana wa Mexico, dhidi ya Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia kwa miaka 27. Torre alimwacha malkia wake aliwe. Kisha ngome yake ikawa inakwenda na kurudi, ikimfungulia askofu njia ya kumshambulia mfalme, na kila safari ikibeba kitu, hadi ikamla malkia wa Lasker. Mzee huyo alimaliza wa pili hata hivyo, nyuma ya mshindi, Bogoljubov, na mbele ya Capablanca.

Waongozaji wa filamu Pudovkin na Shpikovsky walitumia mashindano hayohayo kutengeneza filamu fupi ya vichekesho kuhusu kijana anayesahau harusi yake kwa sababu ya sataranji. Capablanca mwenyewe aliigiza humo. Chumvi imetiwa, lakini si nyingi.

Siku moja ya mapumziko Capablanca alikwenda Leningrad kucheza na watu wengi kwa mpigo. Mmoja wa waliomshinda ni mvulana wa miaka 14, Mikhail Botvinnik. Mwaka 1935, Moscow ilipoandaa mashindano mengine makubwa, Botvinnik aligawana nafasi ya kwanza na mchezaji mwingine, Flohr. Mwaka 1948 akawa bingwa wa dunia. Krylenko hakuuona ubingwa huo: alipigwa risasi mwaka 1938, katika msako wa Stalin.