Rupia, hela au shilingi? Namna ya kuitambua sarafu ya zamani kabla hujaiuza

Ipo kwenye kopo la vifungo au ndani ya sanduku la bibi: sarafu imeshika weusi na maandishi yake hayasomeki vizuri. Jirani akiiona tu anasema ni rupia ya Mjerumani, kuna mtu mjini anainunua kwa mamilioni. Kwa maneno kama hayo, mmoja anauza kitu cha maana kwa bei ya chai, mwingine ananunua bati lililopakwa rangi ya dhahabu.

Kuzitofautisha sarafu si kazi ngumu. Unahitaji mwanga wa kutosha, rula, sumaku na mizani ndogo kama ya sonara.

Tazama jina la mtawala

Kwa sarafu za Afrika Mashariki, jina ndilo linalokupa enzi yake.

- Kilwa: Vipande vidogo vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Nyingi hazina mwaka.
- Zanzibar: Pesa ya shaba ya Sultan Barghash ina picha ya mizani. Mwaka 1299 ulioandikwa kwa tarakimu za Kiarabu ni wa Hijria, sawa na 1882.
- Mjerumani: Rupia ya fedha ina sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa na kofia ya vita yenye tai. Jina lake limeandikwa kwa Kilatini, Guilelmus.
- Mwingereza: Shilingi ina kichwa cha mfalme upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili.
- Uhuru: Tanzania ilitoa sarafu zake 1966 zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja mkono ulioshika mwenge.

Rupia nayo si moja

Rupia za 1890 hadi 1902 ni za kampuni ya Kijerumani, na nyuma zina simba na mnazi. Wakati huo rupia moja ilikuwa na pesa 64. Kuanzia 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa za kwake, rupia moja ikawa na heller 100. Hiyo heller ndiyo iliyozaa neno "hela" ambalo watu wanalitumia mpaka leo.

Chini ya mwaka tafuta herufi ndogo. A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukikuta T na mwaka 1916, hiyo ilitengenezwa Tabora wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya koloni kukatika mawasiliano na Ujerumani. Tabora walitoa heller 5 na 20, pamoja na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo mbele ya mlima. Hiyo ya tembo ndiyo inayotafutwa sana na wakusanyaji duniani, na ndiyo inayoigizwa sana. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.2 hivi.

Shilingi mbili zinazofanana

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Shilingi ya mkoloni ya 1921 hadi 1946 ina fedha asilimia 25. Ile ya 1948 hadi 1952 haina fedha kabisa, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa macho zinafanana: simba yuleyule, na uzito unakaribiana, kama gramu 7.8. Sumaku haikusaidii, maana haivuti hata moja kati ya hizo. Mwaka ndio unaoamua. Muuzaji akikwambia ya 1950 ni "fedha tupu", muage.

Mtego mwingine ni senti 5 na 10 zenye tundu za 1936 zenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla hajamaliza hata mwaka, na Uingereza haikuingiza sokoni sarafu zenye sura yake. Kwa hiyo watu hudhani hizi za tundu ni adimu. Ukweli ni kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni. Ni nzuri kuwa nayo, ila haijengi nyumba.

Sarafu za leo je?

Shilingi moja ya Tanzania ya 1966 haivutwi na sumaku. Ya 1987 ni chuma kilichofunikwa nikeli, inanasa. Sarafu ya Sh500 yenye nyati na sura ya Karume, iliyotoka 2014, nayo inanasa.

Kenya, Katiba ya 2010 ilipiga marufuku sura ya mtu kwenye fedha. Ndiyo maana sarafu za Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Za Kenyatta, Moi na Kibaki sasa zimekuwa historia. Anayeanza kukusanya anaweza kuanza na hizo bila gharama kubwa.

Kabla ya kuuza au kununua

1. Usiisugue. Ndimu, majivu na dawa ya kung'arisha vinaondoa ngozi ya juu ya sarafu, na mkusanyaji akiona mikwaruzo anashusha bei.
2. Ishike ukingoni, pima kipenyo na uzito, kisha linganisha na picha za katalogi za sarafu mtandaoni.
3. Kagua ukingo. Mstari wa maungio kuzunguka sarafu ni dalili ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, yaani feki.
4. Usichimbe kwenye magofu. Maeneo kama Kilwa Kisiwani yanalindwa kisheria. Ukiokota kitu huko, kipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale.
5. Mtu akikuomba "hela ya kupimia" au "ada ya mnunuzi" kabla hajaiona sarafu, usitume hata senti.

Umri peke yake hauipi sarafu bei. Vinavyoipandisha ni uchache, hali yake na idadi ya watu wanaoitafuta. Heller moja ya 1908 iliyochakaa ina zaidi ya miaka 100, lakini bado inaweza kuuzwa kwa bei ya soda.