Makapi ya Mkonge

Wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo,

Hapana kati yenu asiyejua jinsi maji ya ndizi yageukavyo kuwa pombe. Hukamuliwa, hutiwa katika mtumbwi pamoja na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, yakaumuka yenyewe pasipo moto. Wafanyao kazi ile ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alivichungua kwa hadubini, na mwaka 1861 akaonyesha ya kuwa viko vingine viishivyo pasipo hewa. Hivyo visivyotaka hewa ndivyo tutakavyovifuata leo mpaka Tanga.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani yetu hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo yalitoka mashamba makubwa, na watu wengi wa magharibi ya nchi wakaenda kuyakata majani yake, wakiitwa manamba. Kazi ilikuwa ya miiba na jua. Basi sikilizeni: katika ratili 100 za majani, nyuzi zilikuwa kama 4. Zile 96 zilitupwa, zikaoza na kunuka, na maji yake yakachafua mito. Mimi nahesabu hivi: manamba alibeba mzigo wote kichwani, bwana shamba akauza sehemu ndogo tu, na kwa miaka mingi wengi hawakuijua mali iliyolala katika yale makapi.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio walioyachungua. Mwaka 2004 walitangaza ya kuwa makapi ya mkonge yakichanganywa na mabaki ya samaki hutoa gesi nyingi kuliko yakiwa peke yake. (Sisi wa upande wa Ziwa, mabaki ya samaki twayajua!) Kufika mwaka 2008 mtambo ulikuwa umejengwa katika shamba la Hale, wilaya ya Korogwe. Makapi yalitiwa katika tangi lililozibwa hewa isiingie, vijidudu vikayala, na gesi iliyotoka, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, ikaendesha injini ya umeme. Mtambo ule wa kwanza ulikuwa wa kilowati 150.

Uji unaosalia tangini hauna haja ya kumwagwa mtoni. Waweza kurudishwa shambani, kwa maana rutuba ya mbolea haitoki pamoja na gesi.